Kare-kare bila bagoong: mgahawa wa Kifilipino Satwa umenichefua

Naandika hasira zikiwa bado juu, mnivumilie. Ni mgahawa wa Kifilipino huku Satwa, Dubai, wa meza za plastiki na runinga inayoimba mwanzo mwisho. Jina silitaji. Bei za kawaida, watu wengi, viti havitoshi. Hayo mtayaona wenyewe mkienda, kama mtaenda.

Nilipelekwa na mwenzangu wa zamu. Yeye ni mtu wa Bicol, kusini mwa kisiwa cha Luzon, ambako tui na pilipili haviachani. Mimi ni wa Mtwapa. Tulianza kuelewana kwenye vyungu kabla hata ya kuelewana kwa maneno. Yeye ndiye aliyenifundisha sinigang, supu ya ukwaju yenye bamia na majimbi ndani, chachu mpaka jicho moja linafumba. Kwao Ufilipino nguruwe hakosekani mezani, ila migahawa ya kawaida hapa Dubai haimpiki. Hata sisig, nyama ya kukatwakatwa ambayo kwao ni ya nguruwe, unaletewa ya kuku. Kwa hiyo sikuingia pale nikitafuta vituko vya wageni. Niliingia na njaa, na nilikuwa najua ninachotaka.

Nikamwambia kijana wa kuhudumia, kare-kare. Hakuniangalia. Akamgeukia mwenzangu, wakasemezana Kitagalogi, na katikati ya maneno yao nikasikia "manok". Kuku hiyo, naijua, tunaisikia kila siku chumba cha kulia kazini. Kisha akanifungulia menyu ukurasa wa kuku wa kukaanga na chipsi, akaweka kidole juu ya picha. Kama unavyomwonyesha mtoto!

Nikarudia. Kare-kare. Na laing. Na bangus. Akaandika, akaondoka, akarudi na vyombo: mwenzangu kijiko na uma, mimi uma na kisu. Sasa Wafilipino hawali kwa kisu. Kijiko mkono wa kulia, uma mkono wa kushoto wa kusukumia, basi, na ukitaka kula kwa mkono pia hakuna atakayekushangaa. Angalia meza zote mle ndani, kisu kilikuwa kimoja tu, changu.

Hata hapo nilinyamaza. Kilichonitoa roho ni kisosi.

Kwa asiyeijua, kare-kare ni mkia wa ng'ombe uliochemshwa mpaka nyama inaachia mfupa, pamoja na matumbo, kwenye mchuzi mzito wa karanga za kusaga. Ndani mna ua la mgomba, biringani na kunde mbichi ndefu, na rangi yake ya machungwa hutoka kwenye mbegu za mzingefuri. Mchuzi huo hupikwa umepooza makusudi, chumvi yake inakaa pembeni kwenye kisosi cha bagoong: uduvi waliolazwa kwenye chumvi mpaka wakachacha, kisha wakakaangwa kwa kitunguu saumu. Unachota mchuzi, unagusisha bagoong, unaupeleka mdomoni pamoja na wali. Bila hiyo bagoong una uji wa karanga wenye mkia ndani.

Kare-kare ikaja. Kisosi hakuna. Nikamwita kijana, nikamuuliza bagoong iko wapi. Akatabasamu, tabasamu lile la mtu wa hoteli, akasema, "Madam, inanuka. Wageni hawaipendi."

Inanuka! Mimi niliyekulia nyumba ambayo papa wa ng'onda anaanikwa juu ya paa na paka wa mtaa mzima wanashinda chini wakimwangalia! Nimwambie nini? Nilimwambia tu ailete. Akasema sawa. Hakuleta. Nikamwona anapitisha sahani meza ya pili, wanaume wanne wa kwao, kare-kare hiyo hiyo, na kisosi kimejaa mpaka pomoni, wala hawakukiomba. Mchuzi wangu ukapoa ukafanya utando juu, ule wa kukunjamana ukiugusa na kijiko. Mwenzangu akainuka mwenyewe akaenda kaunta. Aliporudi uso umemshuka, na mkononi ameshika kisosi chenye bagoong ya kupaka kucha. Aliniomba radhi yeye, ambaye hana kosa, na hilo ndilo lililoniuma kuliko yote.

Hapa nilikuwa nimeshaandika kichwani nyota moja.

Lakini jamani, siwezi kusema uongo kuhusu jikoni. Ile laing! Majani ya majimbi yaliyokaushwa, yakapikwa kwa tui zito na pilipili mpaka tui limekauka na kutoa mafuta. Mwenzangu aliionja akafumba macho, akasema aliyepika hii hakuikoroga mapema. Kwao wanaamini ukiyakoroga majani kabla hayajalainika, yatakuwasha koo. Halikuwasha. Nilifuta bakuli kwa wali mpaka likang'aa.

Na bangus ndiye mwatiko wetu, huyu huyu anayefugwa kwenye mabwawa ya Kilifi na ambaye nusu ya watu wanamkimbia kwa miiba. Wafilipino wanamchana mgongoni, wanamfungua kama kitabu, wanang'oa miiba mmoja mmoja kwa kibanio, wanamlaza kwenye siki, kitunguu saumu na pilipili manga, halafu wanamkaanga. Lile tumbo lenye mafuta limekauka pembeni, ndani laini. Nilitafuta mwiba kwa ulimi, sikupata hata mmoja. Kwa samaki yule peke yake ningewapa nyota nne, nikasahau kisu, nikasahau kidole juu ya picha ya kuku. Kweli nilishaanza kusahau. Nilikuwa hata nafikiria kuagiza halo-halo, barafu na maziwa na viazi vikuu vya zambarau, tushushie.

Bili ikaja. Bagoong, dirhamu tano.

Nikamuuliza mwenzangu kama ndivyo ilivyo. Akasema haijawahi kulipiwa, inakuja na kare-kare yenyewe. Nikamuuliza kijana. Akasema ndivyo mashine ilivyoandika. Nikamwambia mashine haina mikono, nani amebonyeza? Akaangalia runinga. Msimamizi akaja, akaikata bila kubisha, bila pole pia, na akamrudishia mwenzangu chenji yangu. Noti niliitoa mimi!

Halo-halo hatukuagiza.

Mwenzangu ananiambia yule kijana ni mgeni kazini, ana zamu ndefu, analala watu wanane chumba kimoja. Naelewa, na mimi nimelala vyumba hivyo. Labda kweli wageni huagiza kare-kare, wakainusa bagoong, wakarudisha sahani, na kijana akakatwa mshahara. Yawezekana. Lakini mtu akiiomba kwa jina, ukimwambia inanuka, hapo umemaliza.

Basi niliweka tatu: jikoni tano, mezani moja, gawanyeni. Ushauri wangu ulikuwa chukueni chakula mkale nyumbani.

Wiki iliyofuata nikafanya hivyo hivyo. Mwenzangu akapiga simu, akaagiza kwa jina lake na kwa Kitagalogi chake, kare-kare moja. Ikaletwa mlangoni ya moto, na juu yake kibakuli cha bagoong chenye kifuniko, kimejaa, dirhamu sifuri kwenye risiti.

Nimerudi kubadilisha. Nyota moja.