Nilipeleka redio gramu ya babu kwa fundi wa Keko, Dar, ikawekewe viraka vya vinia (ule ubao mwembamba unaobandikwa juu ya mbao), haya ndo maoni yangu

Kwanza kabisa simtaji fundi jina maana sijamuomba ruhusa, ila ni mzee mmoja pale Keko, kibanda chake kipo nyuma kabisa ukipita vitanda na masofa yote, mbele hana hata kochi moja la kuuza, ana makabati yaliyokufa tu.

Redio gramu yenyewe ni Grundig, ile ndefu ya kufunua mfuniko, upande mmoja redio upande mwingine sehemu ya santuri. Haijapiga sijui tangu lini lakini mama hataki isogezwe hata hatua moja sebuleni. Kilichoharibu mbao yake ni kupiga deki. Imekaa kwenye kitako kifupi karibu na sakafu, kila asubuhi maji yanarukia pale chini, vinia ikavimba ikanyanyuka, na ikishanyanyuka nyumba yenye watoto unajua mwenyewe, wanachokonoa mpaka basi. Tukabaki na mapengo matatu, kona ya chini mbele kama ukubwa wa kadi ya benki, ubavuni upande wa dirisha kama kucha ya dole gumba, na ukingo wa mfuniko kadogo tu.

Fundi wa kwanza niliyemuita nyumbani (sio huyu, wala sio wa Keko) hakuinama hata kuangalia, akasema hiyo tunapiga puti tunapaka rangi ya chokoleti inakuwa mpya, elfu 40. Mwingine akashauri tubandue yote tuweke fomaika, ile plastiki ngumu ya kubandika. Aisee, mbao ya walnut yenye maua yale (michoro ya mbao yenyewe) uifunike na fomaika?

Mzee wa Keko alichoanza nacho ni kulowesha kidole mate akapaka pembeni ya pengo, nikashangaa, kumbe anaangalia rangi itakavyokuwa ikishapigwa vanishi, maana vinia kavu inadanganya. Akaniambia vinia za dukani sikuhizi nyembamba, nusu milimita na kidogo, yangu inakaribia milimita 1, ukibandika ile ya dukani kiraka kinazama, na ukitaka kusawazisha kwa kupiga msasa pembeni unatoboa ya zamani. Kwahiyo akatafuta kwenye makabati yake yale yaliyokufa, akapata mlango wenye vinia ya kufanana, akaweka kitambaa kibichi juu akapitisha pasi ya moto taratibu mpaka ikaachia yenyewe. Gundi za zamani sana za kuchemsha ngozi na mifupa zinalainika kwa joto na maji, ndo maana inawezekana. Ya kwangu aliijaribu hivyo hivyo haikuachia, akasema hii ya kiwandani walitumia gundi nyingine, pale ni patasi tu.

Sasa sehemu iliyonifurahisha. Mimi nilidhani atakata kiraka cha mraba kulingana na pengo. Hakufanya hivyo, alikata kipande chenye ncha kama mtumbwi, nyuzi za mbao zimelala uelekeo mmoja na za mwili wa redio, akakiweka juu ya pengo, akazungushia kisu kikali, halafu akatoa hata vinia yangu isiyoharibika kufuata ule mstari! Roho ilinidunda maana pengo liliongezeka, lakini alivyonieleza nikaelewa, mstari unaokata nyuzi kwa kukingama jicho linaukamata hapo hapo, mstari unaoenda na nyuzi au mshazari unapotea humo humo. Akakwangua gundi kuukuu yote chini mpaka mbao ikaonekana safi (anasema gundi mpya haishiki juu ya gundi iliyokufa, wengi wanaruka hapo halafu kiraka kinabanduka baada ya miezi miwili), akapaka gundi nyeupe kidogo, nailoni juu ili ubao wa kukandamizia usigandane na kazi, akabana na klempu, akaacha mpaka kesho yake. Rangi alipaka mara mbili nyepesi badala ya mara moja nzito, halafu ndo vanishi.

Kona ya chini: sina maneno. Namwambia mtu atafute kiraka anashindwa.

Ubavu wa dirishani hapo tugombane kidogo. Ukisimama mlangoni huoni kitu, ukisimama upande wa jikoni kiraka kinang'aa kivyake, rangi ni ile ile ila mwanga unakipiga tofauti. Nilimpigia akasema maua yamelala upande mwingine, yani alikigeuza kichwa chini wakati wa kubandika. Sasa mzee wangu si ungekiweka kikavu kwanza bila gundi tukazunguka wote tukakiangalia? Ukienda kwake au kwa fundi yeyote lazimisha hilo.

La mfuniko kosa ni langu. Alinipa kuchagua kiraka au nta ya rangi ya kuyeyusha, nikachukua nta kwa sababu ni bei chee, na siku ya kwanza ilikaa safi kabisa huwezi jua. Ila pale ndipo vidole vinaposhika kufunua, na joto letu hili la Dar, ndani ya wiki tatu ikawa na alama za kucha. Nta weka mahali pasiposhikwashikwa.

Muda alisema siku 4 nikachukua siku ya 11, kila ukipiga simu unaambiwa "inakauka". Inakauka wiki nzima? Bei alianzia laki na 20 tukamalizana 85,000, kirikuu (kigari cha mizigo) kwenda na kurudi 30,000. Wapo watakaosema hela nyingi kwa viraka viwili na tone la nta, mimi sioni hivyo, ila kwa ule usumbufu wa simu namkata, nampa 8 kwa 10.

Mama alikipata kiraka cha dirishani ndani ya dakika mbili, cha kona mpaka leo anabisha kwamba pale hapakuwahi kubanduka. Mwezi ujao narudi Keko na mfuniko peke yake, naufungua skrubu naupakia kwenye bajaji, atoe ile nta aweke vinia, na safari hii nakaa pale pale mpaka aniwekee kikavu kwanza.