Taa ya kuchangamsha moyo: ipi ununue, ipi uiache dukani

Nyumba zetu za mawe hapa Mkomani, Lamu, zilijengwa kulikimbia jua. Saa nne asubuhi, ghorofa ya chini, unawasha taa kutafuta sindano. Mwezi wa tano, mvua ya kusi ikishika, mtu anashinda ndani mpaka moyo unakuwa mzito.

Anachokosa ni mwanga. Chaguo la kwanza halina bei: daka la mlangoni, au ukuta wa pwani. Jua likishapanda, hata kivulini, mwanga wa nje hufika luksi 10,000 na zaidi (luksi ni kipimo cha ukali wa mwanga). Sebuleni ni mia chache tu. Kunywa kahawa yako hapo nusu saa, utazame majahazi, si jua lenyewe.

La pili ni taa maalumu ya mwanga mkali. Mnunulie mtoto aliyekwenda kusoma Uingereza, ambako mchana wa Desemba ni mfupi. Huzuni ya majira, ile inayomshika mtu kila msimu wa giza, daktari Norman Rosenthal na wenzake waliieleza huko Marekani mwaka 1984. Kipimo cha taa hiyo ni luksi 10,000 kwa nusu saa, asubuhi mara baada ya kuamka.

Ila uliza: luksi 10,000 kwa umbali gani? Mimi niliuziwa Mombasa taa ya ukubwa wa kitabu, boksi limejaa sifa. Nyuma, kwa maandishi ya kutafutiwa miwani: sentimita 10. Pua iguse kioo! Nilipoiweka mezani kama mtu mwenye akili, kipimo cha simu hakikufika hata elfu mbili. Taka inayotoa luksi hizo kwa sentimita 30 hadi 50, yenye uso mpana, mwanga mweupe, na kichujio cha miale ya urujuanimno (UV). Ya kuletewa kutoka Marekani, soma volti: ikiwa ni 120 tu, umeme wetu wa 240 utaiunguza.

La tatu, saa ya kengele inayong'aa polepole kama alfajiri. Humsaidia mzito wa kuamka. Balbu kali za kawaida ni za kuonea, na usiku zitakuibia usingizi. Taa nyekundu za uso ni habari ya ngozi, ziache.

Mwenye maradhi ya retina (utando wa nyuma ya jicho) au ya baipola (moyo kupanda na kushuka kupita kiasi) amwone daktari kabla ya kununua; huyu wa baipola, mwanga mkali unaweza kumpandisha kupita kiasi. Na huzuni iliyopita wiki mbili ni ya kupelekwa hospitali, si dukani.

Ile yangu ya Mombasa iko jikoni. Mama huchambulia mchele, na kwa kazi hiyo anaisifu sana.