Nyuzi za gitaa za kununua, na kutu inayoanzia dukani

Malalamiko ninayoletewa zaidi siku hizi yanafanana: "Nimefunga nyuzi mpya, uzi wa kwanza, ule mwembamba kuliko zote, umekatika hata sijamaliza kutyuni." Wengi wenu mnaandika kutoka Dar, Tanga, Zanzibar na Mombasa, na mnadhani mmekaza kupita kiasi. Mara nyingi si kosa lenu. Mmeuziwa uzi ulioanza kuliwa na kutu ukiwa bado ndani ya pakiti.

Kuhusu unene sitawachosha. Anayeanza achukue seti ya 10 (10 hadi 47, yaani unene wa uzi mwembamba hadi mnene kwa sehemu za elfu za inchi), vidole vikishakuwa sugu ahamie 12 (12 hadi 53). Kama waya wa nyuzi nene ni wa bronzi ya kawaida au bronzi ya fosforasi, hilo ni suala la sikio lako. Ninachotaka uangalie wewe ni pakiti imefungwaje.

Sababu ni hii. Uzi wa kwanza kwenye seti ya 10 una unene wa robo milimita. Ni chuma kitupu chenye koti jembamba la bati, hauna waya wa bronzi uliozungushiwa kama nyuzi nene. Ukiufikisha kwenye noti yake unavutwa kwa uzito wa kama kilo 7; ule wa seti ya 12 unavutwa kwa kama kilo 10. Kidoa cha kutu ambacho kwenye msumari usingekijali, hapa kinatosha kuukata. Na hewa yetu ya pwani ina unyevu na chumvi mwaka mzima. Uzi uliokaa miezi ndani ya bahasha ya karatasi, bahasha ikiwa imetundikwa mlangoni pa duka, hauwezi kuwa mpya hata kama hakuna aliyeugusa.

Kipimo chake ni rahisi. Chukua kipande cha pamba, kipitishe juu ya uzi wa kwanza na wa pili kutoka mwanzo hadi mwisho. Pamba ikinasa au ikitoka na alama ya kahawia, usiufunge. Dukani huwezi kufungua pakiti, kwa hiyo minya mfuko: uliofungwa vizuri hautoi hewa. Kagua pembe zake, na kama una upande unaoonesha ndani, tafuta madoa meusi.

Kwa kigezo hicho, chaguo langu la kwanza ni D'Addario, na sifichi kwamba naipenda. Nyuzi zote sita zinakaa ndani ya mfuko mmoja wa plastiki uliozibwa, uliotengenezwa kuzuia kutu, si kila uzi na kibahasha chake cha karatasi. Seti ya EJ15 ni ya 10, EJ16 ni ya 12, zote bronzi ya fosforasi, ambayo kampuni hiyo iliiingiza kwenye nyuzi za gitaa mwaka 1974. Vile vigololi vya mwishoni mwa kila uzi vina rangi: cha fedha ni uzi wa kwanza, zambarau wa pili, kijani wa tatu, cheusi wa nne, chekundu wa tano, na cha shaba wa sita. Mtu anayebadilisha nyuzi kwa mara ya kwanza hapotei.

Ya pili ni Elixir. Nyuzi zake nene zina utando mwembamba unaozuia jasho na uchafu, na zile nyembamba zimewekewa kinga ya kutu. Kwa anayepiga kanisani kila wiki huku jasho likimtiririka, zinadumu kuliko zote. Ningeziweka juu kabisa kama si bei, ambayo ni mara mbili ya D'Addario au zaidi.

Ya tatu ni Ernie Ball Earthwood, nazo zimefungwa vizuri, ila sauti yake kwangu ni kali mno mwanzoni.

Nyuzi za Alice na nyingine za bei ya chini: nunua kama gitaa ni la kufundishia watoto na nyuzi zinakatwa kila mara. Basi.

Sasa wauzaji. Kuna duka Kariakoo, silitaji jina, ambalo hufungua seti na kuuza uzi mmoja mmoja, kisha pakiti iliyobaki inabandikwa gundi na kurudishwa ukutani kwa bei kamili. Ukiuliza unaambiwa "ni orijino, dada". Na feki zipo: D'Addario ni miongoni mwa nyuzi zinazoigwa sana, ndiyo maana ndani ya pakiti huweka namba ya kuhakiki kwenye tovuti yao. Itumieni. Inaniuma kuona kijana wa kwaya amejinyima wiki nzima, halafu anauziwa kutu kwa bei ya nyuzi mpya.

Kama gitaa lako ni la klasiki, lile la nyuzi za nailoni, chukua EJ45, seti ya nailoni ya D'Addario. Usikubali ushauri wa kulifunga nyuzi za chuma. Seti ya chuma ya 12 huvuta kwa jumla zaidi ya kilo 70, karibu mara mbili ya nailoni, na daraja, kile kibao kinachoshika nyuzi kwenye tumbo la gitaa, linaweza kung'oka.

Kubadilisha kwenyewe, kwa gitaa la nyuzi za chuma: legeza kabisa uzi wa zamani kabla ya kuukata, na fanya uzi mmoja mmoja. Ng'oa pini ya daraja, ingiza kigololi cha uzi mpya, rudisha pini huku mfereji wake ukitazama uzi, kisha vuta uzi juu hadi usikie kigololi kimekaa. Kisipokaa vizuri, pini itaruka ukianza kukaza. Kwenye kichwa acha ulegevu wa kama sentimita 5, uzi ujizungushe mara mbili au tatu kuelekea chini, nyuzi nyembamba mara moja zaidi. Tyuni, uvute uzi taratibu kwa vidole katikati ya shingo, tyuni tena, rudia mpaka usishuke. Nailoni itaendelea kushuka kwa siku kadhaa. Hapo hakuna kilichoharibika, endelea kutyuni tu.