Kabla hujanunua tiketi ya muziki wa jukwaani London, uliza kuhusu upenu

Nililipa pauni 72 kwa tiketi moja ya muziki wa jukwaani, yaani igizo linalosimuliwa kwa nyimbo, nikaongezewa 14 za "huduma". Jumla pauni 86, ambazo kwa pesa zetu za Tanzania ni karibu laki tatu, na kwa laki tatu hizo nikaona viatu. Mwimbaji mkuu alipanda ngazi ndefu pale jukwaani, akasimama kwenye roshani ya juu kabisa, akauimba wimbo ambao umati wote ule ulikuwa umekuja kuusikia. Mimi, tangu ubeti wa kwanza hadi makofi, nilikuwa nikitazama viatu vyekundu na pindo la gauni. Sauti niliipata. Uso sikuuona. Shangazi yangu, mwenyeji wangu kule Uingereza, ambaye nilimkatia tiketi kama shukrani, aliinama mpaka kidevu kikakaribia magoti, akaninong'oneza, "Mwanangu, mbona hayupo?" Sikuwa na la kumjibu.

Na si kwamba nilinunua ovyo. Ramani ya viti kwenye tovuti ya muuzaji ilikipaka kiti changu rangi ya kijani, yaani kiti kizuri. Nilikuwa katikati, si pembeni. Hapakuwa na nguzo mbele yangu. Nilichokuwa nacho ni dari kichwani.

Kumbi nyingi za West End, eneo la katikati ya London lenye kumbi za maonyesho, zilijengwa zama za Malkia Victoria na mwanawe Edward, kwenye viwanja vidogo vya katikati ya mji. Wajenzi walipokosa nafasi ya kutanuka wakapanda juu: viti vya chini, ghorofa ya viti juu yake, na nyingine juu ya hiyo, pengine na ya nne. Kwenye tiketi, chini huandikwa Stalls, inayofuata ni Dress Circle au Royal Circle, kisha Upper Circle au Grand Circle, na kumbi nyingine zina Balcony huko karibu na paa. Kila ghorofa imetokeza mbele, juu ya vichwa vya waliokaa chini yake. Mimi naliita upenu. Ni kama umejibanza mvua chini ya upenu wa nyumba ya watu: barabara unaiona vizuri, wapita njia unawaona, lakini vilele vya minazi huvioni. Ukikaa safu za nyuma za Stalls, sehemu ya juu ya jukwaa imekatwa. Tiketi yangu haikuwa na maneno "restricted view", yaani kiti kisichoona jukwaa lote, wala onyo lolote.

Kwa hiyo mwongozo huu hautakwambia hadithi ipi ni tamu wala nani ana tuzo nyingi. Hayo utayapata kila mahali. Mimi nauliza jambo moja kwa kila onyesho: lile tukio lake kubwa, lile litakalokufanya usimulie nyumbani, linatokea kimo gani? Ukishajua kimo, utajua ukae wapi, na ukijua ukae wapi utajua kama pesa yako inatosha.

Namba moja kwangu ni The Lion King, ukumbi wa Lyceum, karibu na Covent Garden. Nalipendelea waziwazi na sitajificha. Liko hapo tangu 1999, na sababu yangu ya kwanza ndiyo hiyo ya upenu: utamu wake mkubwa unatembea ardhini. Mwanzoni kabisa anatokea Rafiki, ambaye jukwaani ni mwanamke, anapaza sauti, na wanyama wanaanza kuja kupitia njia za katikati ya viti vya watu. Twiga wanavuka jukwaa, mtu mmoja ndani ya kila twiga, mikono na miguu imefungwa kwenye magongo marefu. Tembo anapita kwenye njia, na ndani ya kila mguu wake kuna mtu. Mara ya pili nilipokwenda London nilikaa kiti cha pembeni mwa njia, na tembo yule alinipita karibu hivi kwamba niliona visigino vya mtu vikikanyaga zulia ndani ya mguu wa mnyama, na nikasikia kitambaa kikikwaruza mkono wa kiti changu. Aliyelipa ghali zaidi akakaa ghorofa ya juu hakukipata hicho.

Mwongozaji wake ni Julie Taymor, na kwa kazi hii mwaka 1998 alikuwa mwanamke wa kwanza kupata Tony, tuzo kuu ya maonyesho ya Marekani, ya uongozaji wa muziki wa jukwaani. Angalia alichofanya kwenye vinyago: hakuwafunika waigizaji sura. Kinyago kimekaa juu ya paji la uso, chini yake uso wa mtu uko wazi, na baada ya dakika kumi unawaona wote wawili kwa pamoja, mtu na simba. Mwenye kukulia kwenye ngoma za vinyago hatahitaji kuelezwa.

Halafu kuna lugha. Wimbo wa ufunguzi wengi huudhania Kiswahili; ni Kizulu, kazi ya Lebo M wa Afrika Kusini. Lakini majina ni yetu. Wazungu waliokaa karibu nami walikuwa wakisoma maana za majina kwenye kitabu cha onyesho, na mimi nimekaa nawasikia Simba, Rafiki, Shenzi, Pumbaa, Sarabi, sihitaji kitabu. Shangazi yangu, ambaye ameishi Uingereza miaka thelathini na huongea Kiswahili kwenye simu tu, aliposikia ukumbi mzima umeshangilia "hakuna matata" alinishika mkono, hakuuachia mpaka mapumziko.

Nunua Stalls, kiti cha kwenye njia, mbele ya pale upenu unapoanzia. Kama hukipati, safu za mbele za Royal Circle ni za pili kwa uzuri. Na usichelewe. Onyesho la jioni kwa kawaida huanza saa moja na nusu usiku, ambayo kwenye tiketi imeandikwa 7:30. La mchana ni saa nane na nusu, limeandikwa 2:30. Nayasema haya kwa sababu msomaji wangu mmoja aliyetoka Tanga aliisoma tiketi ya mchana kwa saa zetu na akafika saa mbili na nusu usiku, onyesho lake limekwisha zamani. Aliyechelewa huzuiwa mlangoni mpaka ipatikane nafasi ya kumwingiza, na hapa utakuwa umekosa wanyama wanaingia, yaani umekosa nusu ya ulichonunua.

Namba mbili ni Wicked, Apollo Victoria, hatua chache kutoka kituo cha treni cha Victoria. Lipo tangu 2006. Jengo lile lilifunguliwa 1930 likiwa sinema, ndiyo maana lina ngazi mbili tu za viti, Stalls na Circle, tena kubwa sana, zaidi ya viti 2,000. Tukio lake kuu linatokea juu: mwisho wa sehemu ya kwanza mchawi wa kijani anapaa hewani huku akiimba, na juu ya jukwaa kuna joka kubwa la mitambo lenye kutoa macho mekundu. Ukijibanza nyuma kabisa ya Stalls, joka hilo limekupita. Nenda safu za mbele za Circle. Tangu filamu ya 2024 itoke kila mtu anaujua wimbo wa kupaa, na ukija kwa sababu ya filamu, huo ndio wimbo usiokubali kuukosa.

Namba tatu, The Phantom of the Opera. Lilifunguliwa Oktoba 1986 kwenye ukumbi ulioitwa Her Majesty's, na jina likabadilishwa kuwa His Majesty's mwaka 2023 baada ya Charles kutawazwa. Hapa suala la upenu linafikia kilele chake, kwa sababu nyota wa onyesho hili ni thurea. Ndiyo, thurea, taa kubwa ya vioo kama zile za misikitini. Mwanzoni iko chini imefunikwa kitambaa, inauzwa mnadani. Kitambaa kinavutwa, kinanda kinanguruma, na thurea inapanda polepole juu ya vichwa vya watu hadi darini. Baadaye inaanguka. Aliyekaa nyuma ya Stalls ataona watu wa mbele yake wameinua vichwa wote kwa pamoja, na yeye anatazama ubao wa dari. Kwangu mimi kumuuzia mtu kiti kile bila kumwambia habari ya thurea ni sawa na kumuuzia samaki aliyekatwa kichwa na mkia ukampigia bei ya mzima. Safu za kwanza za Royal Circle ndizo zinazoiona tangu inapoamka hadi inapoanguka. Ni ghali, na ndiyo iliyolishusha onyesho hili hadi namba tatu. Kama pesa yako haifiki huko, acha, nenda Lyceum.

Les Misérables liko Sondheim, barabara ya Shaftesbury, na lenyewe limekuwa London tangu 1985. Nimeliweka la nne kwa sababu mbili. Kila kitu humo huimbwa, mazungumzo karibu hakuna, kwa saa tatu kasoro, kwa hiyo Kiingereza chako kikiwa cha kubahatisha utachoka kabla ya vita kuanza. Soma hadithi kwanza, na ujue kwamba maasi yale ni ya Paris mwaka 1832. Wengi huyachanganya na mapinduzi makubwa ya 1789. Sababu ya pili ni kile kizuizi cha barabarani wanachokijenga kwa samani na mbao. Ni kirefu. Wanaokipanda hufia juu, na kifo ambacho hukuona hakikulizi.

Hamilton, ukumbi wa Victoria Palace, lina maneno mengi kuliko onyesho lolote nililowahi kulisikia, tena kwa rap. Vijana watalipenda. Jukwaa lake lina sakafu inayozunguka na kipito cha juu ambako waigizaji husimama kuwatazama wenzao, kwa hiyo ni onyesho moja ambalo wa juu wanaona zaidi ya wa chini: mzunguko wa sakafu hauonekani vizuri ukiwa usawa wake.

Matilda, pale Cambridge Theatre, ni la wenye watoto; kuna bembea zinazorushwa hadi juu ya safu za mbele. Mamma Mia! ni raha tupu na haina jambo la kimo.

Tiketi za bei ya chini zipo. Kumbi kadhaa hutoa chache za siku hiyohiyo, kwa programu ya simu au dirishani. Nyingine huwa za juu kabisa, na kumbi hizi kongwe zina ngazi kali kule juu, mara nyingi bila lifti. Goti la shangazi yangu haliwezi, na sitamshauri mtu mzima wa umri wake.

Nirudi kwa wauzaji, kwa sababu hasira yangu iko hapo. Ukiandika jina la onyesho kwenye intaneti, wa kwanza kutokea mara nyingi si ukumbi wenyewe. Ni dalali aliyelipia tangazo, mwenye tovuti iliyovaa picha za onyesho kama ndiye mwenyewe. Bei aliyonitajia dalali wangu mwanzo siyo niliyolipa mwisho. Ile "huduma" ilijitokeza nikiwa nimeshaandika namba za kadi, saa ya kuhesabu nyuma inanikimbiza, nimebakiwa na dakika nne. Huduma gani? Hakunichapishia karatasi, hakunipigia simu. Yule bwana aliyekaa kiti cha kushoto kwangu usiku wa viatu alinunua kwa ukumbi wenyewe, akalipa pauni 39 na nusu. Kiti kilekile, upenu uleule. Nami 86. Ningekuwa nimejua, tofauti ile ingetutoa mimi na shangazi chini ya dari.

Hata kwenye uwanja wa Leicester Square uwe macho. Kuna vibanda na maduka kila upande yameandika "nusu bei" kwa herufi kubwa. Cha TKTS, kinachoendeshwa na chama cha kumbi zenyewe, Society of London Theatre, kiko upande wa kusini wa bustani, kwenye jengo lenye saa juu. Wengine wote waulize swali moja tu: kiti hiki kiko chini ya ghorofa? Na ukiwa bado nyumbani, ingia tovuti ya SeatPlan uandike namba ya safu. Watu waliokaa hapo wameweka picha walizopiga kutoka kwenye kiti chenyewe. Kama picha inaonyesha ubao mweusi umekatiza juu, huo ndio upenu.

Mimi safari ya pili niliingia duka mojawapo pale uwanjani, nikauliza swali hilo. Kijana wa kaunta akanijibu kwamba viti vyote ni vizuri. Nikamwomba ramani, hakuwa nayo. Nikatembea hadi mtaa wa Wellington, kwenye dirisha la Lyceum lenyewe, nikauliza vilevile. Mama aliyekuwa ndani aliigeuza kompyuta yake inielekee, akaweka kidole kwenye safu, akasema kuanzia hapa kurudi nyuma kuna dari, hapa mbele hakuna. Alikuwa na viwili vinavyopakana, kimoja kwenye njia. Bei yake ilikuwa chini ya ile ya dukani kwa pauni 11 kila kiti, na hapakuwa na huduma. Cha kwenye njia nilimpa shangazi kwanza. Kabla onyesho halijaanza akanilazimisha tubadilishane.