Han Bennink ndani ya programu inayoruka ukimya: uzoefu wangu

Huduma hii ya kusikiliza muziki kwa kulipia kila mwezi ina hazina ya jazi ya Ulaya ambayo kwingine sijaiona, na ilistahili sifa. Lakini tangu walete toleo jipya majuzi nina hasira nayo, na hasira yenyewe ni ya sekunde chache tu: zile za mwisho za santuri iitwayo "Last Date".

Anayeijua santuri hiyo ameshaelewa. Eric Dolphy, mpiga saksafoni wa jazi wa Marekani, aliirekodi Hilversum, Uholanzi, tarehe 2 Juni 1964, na tarehe 29 ya mwezi huohuo akafariki Berlin. Piano ni Misha Mengelberg, besi ni Jacques Schols, na kwenye dramsi yupo kijana wa Zaandam aliyekuwa na miaka 22, Han Bennink. Wimbo wa kufunga ni "Miss Ann". Ukimalizika, inaingia sauti ya Dolphy mwenyewe akizungumza: muziki ukishakwisha umekwenda na hewa, huwezi kuukamata tena. Hapo ndipo santuri inapoishia.

Kwenye toleo jipya maneno hayo huyasikii. Programu imejiwashia mambo mawili bila kumuuliza mtu: kuruka ukimya na kuunganisha nyimbo. La kwanza linatafuta mahali sauti iliposhuka na kukata kipande hicho. La pili linaanza kuufifisha wimbo sekunde 12 kabla haujaisha, huku likiupandisha unaofuata juu yake. Yakifanya kazi pamoja, Dolphy anafunguliwa mdomo na kufungwa hapohapo. Na kwa kuwa albamu imekwisha, kinachopandishwa juu yake ni chochote ambacho programu imejichagulia, na kwangu ilikuwa piano ya ukumbi wa hoteli. Sauti ya mtu aliyefariki mwezi uleule wa kurekodi, wanaifunika na piano ya hoteli!

Nikawaandikia. Jibu lilikuwa refu kwa salamu na fupi kwa maana. Mhudumu akaeleza kwamba muziki wa aina hii ni wa kupigapiga tu, hauna mwanzo wala mwisho unaoeleweka, kwa hiyo kipande kikikatika msikilizaji hapungukiwi kitu. Akanishauri nijaribu orodha yao ya jazi ya kutuliza akili. Sijui huyo mhudumu amefunzwa wapi kumwambia mteja anayelipa kwamba alichokipenda hakina mwisho. Ningekubali kuambiwa kuna hitilafu na wanaitafuta. Kuambiwa kwamba hakuna kilichopotea, sikubali.

Maana kwa Bennink mwisho wa pigo na pengo linalofuata ndiyo kazi yenyewe. Chombo chake cha kwanza cha kupiga kilikuwa kiti cha jikoni. Dramsi za kweli alizipata baadaye kutoka kwa baba yake, aliyekuwa mpiga ngoma wa okestra. Ile tabia ya kiti hakuiacha. Kwenye onyesho anaweza kuinuka, akaketi sakafuni miguu kaipanua, akapiga mbao za jukwaa kwa stiki. Anaweza kupandisha kisigino juu ya ngozi ya snea, ile ngoma ndogo yenye mlio mkali kwenye seti ya dramsi, na kukisogeza huku anapiga, noti ikapanda na kushuka kadiri ngozi inavyokazwa. Kati ya jambo moja na jingine anaachia nafasi, na urefu wa nafasi hiyo ndio unaokwambia pigo lijalo litakuwa la hasira au la mzaha. Sasa chukua "Nerve Beats", onyesho lake la peke yake la Bremen, Ujerumani, mwaka 1973 lililotolewa mwaka 2000, ulipitishe kwenye kuruka ukimya. Mapengo yote yanakazwa, mapigo yanabanana, na mtu mwenye mahesabu makali ya wakati anasikika kama aliyepoteza mdundo. Halafu mhudumu anasema hakuna mwanzo wala mwisho. Ninyi ndio mmeuondoa.

Kama umeshalipia, dawa ipo, ingawa si kazi yako kuitafuta. Ingia kwenye mipangilio, sehemu ya uchezaji. Zima kuruka ukimya. Rudisha kuunganisha nyimbo kwenye sekunde 0. Zima pia ile ya kuendelea kucheza nyimbo zinazofanana albamu inapokwisha, maana ndiyo inayoleta piano ya hoteli. Kisha funga programu kabisa na uifungue upya. Kuhakikisha, weka wimbo wowote wenye mapengo na ulinganishe kihesabu muda cha programu na saa ya simu: dakika moja ya wimbo lazima ichukue dakika moja. Kihesabu kikikimbia mbele, hata kwa sekunde mbili, kuruka ukimya bado kumewashwa. Rudia kila wanapotoa toleo jipya.

Kuna na kile cha kusawazisha sauti. Kikiwa kwenye kiwango cha kawaida hakina madhara makubwa, kinapandisha au kushusha wimbo mzima kwa kipimo kimoja. Tatizo ni kiwango cha juu. Hapo programu inapandisha sehemu za chini, na vilele visivyo na pa kwenda vinabanwa. Pigo kali la snea ndilo kilele chenyewe, kwa hiyo linalobanwa ni lile Bennink alilolikusudia likushtue. Ukisikia brashi za waya zinazopapasa ngozi na pigo kali la ukingoni mwa snea vinatoka na nguvu zinazokaribiana, usitafute spika nyingine. Zima hicho.

Kwa wenye bando la kubana, ubora wa sauti nao una gharama yake. Kwenye kilobiti 320 kwa sekunde unakula takriban MB 2.4 kwa dakika, kwa hiyo "Machine Gun", ule wimbo wa zaidi kidogo ya dakika 17, unamaliza kama MB 41. Kwenye kilobiti 96 unamaliza kama 12. Inavutia, lakini dramsi ndizo zinazoumia kwanza. Mfumo wa kubana sauti unafanya kazi kwa vipande vifupi vya muda. Pigo likiwa katikati ya kipande, makosa ya kubana yanasambaa kipande chote, hata kabla ya pigo lenyewe. Unasikia kama mchanga unaomwagika sekunde ndogo kabla stiki haijagusa ngozi, na matoazi yanageuka maji yanayochemka. Piano ya taratibu inavumilia hali hiyo. Bennink havumilii. Pakua ukiwa kwenye waifai, kiwango cha juu kabisa. Na ujue kwamba ulichokipakua kwa kiwango cha chini kinabaki hivyo hata ukibadilisha mipangilio, hadi ukifute na kukipakua upya.

Huyo "Machine Gun", kwa haki, asitumike kuishtaki huduma. Ni kazi ya Peter Brötzmann, mpiga saksafoni wa Ujerumani, iliyorekodiwa Bremen, kwenye klabu ya Lila Eule, Mei 1968: saksafoni tatu, piano, besi mbili, na wapiga dramsi wawili, Bennink na Sven-Åke Johansson. Toleo la kwanza lilikuwa nakala 300. Ukali unaousikia umo ndani ya rekodi. Kupima ni rahisi: shusha sauti hadi nusu. Mkwaruzo ukibaki palepale, ni wa rekodi. Ukitoweka, ni spika yako inayolia. Wapiga dramsi wawili hao ukiwasikiliza kwa spika ya simu wanakuwa mmoja mwenye fujo, kwa hiyo vaa vya masikioni.

Nilitaka kuandika "msilipie" na kuishia hapo. Lakini siwezi, kwa sababu ya "Rollins in Holland". Ni Sonny Rollins, mpiga saksafoni wa Marekani, Mei 1967, bila piano, Ruud Jacobs kwenye besi na Bennink kwenye dramsi. Kanda hizo hazikutolewa hadi mwaka 2020, na hapa zipo zote, zikiwemo za studio ya Hilversum na za ukumbini Arnhem. Anza na za studio, sauti ni safi zaidi. Msikilize Bennink huyu aliyepiga na wageni wengi wa Marekani waliopita Uholanzi miaka ile, Dexter Gordon, Johnny Griffin, Wes Montgomery, akimfuata Rollins kila kona anayokata. Toazi linatembea na swingi, ule mdundo wa jazi wa kubembea, haidondoki hata robo ya pigo. Na mwaka huohuo, pamoja na Mengelberg na Willem Breuker, anaanzisha ICP, jumuiya ya wanamuziki wanaotunga papo kwa papo, wenye lebo yao wenyewe ya kutolea rekodi. Anayesema muziki huru, ule usiofuata mdundo wala mpangilio uliowekwa, ni kimbilio la wasiojua kupiga apewe rekodi hii mkononi. Kwa hiyo lipia. Mwezi mmoja wa kusikiliza kanda hizi unarudisha pesa yako.

Halafu unatafuta jina lake, na hasira inarudi upya. Andika "Han Bennink" kwenye kisanduku cha kutafuta na unaletewa kiganja cha albamu, kana kwamba mtu huyu alipita tu. Sababu inajulikana: kwa miaka mingi jina lake halikutangulia kwenye jalada. Alikuwa nguzo ya bendi za pamoja. Basi tafuta kwa njia ya pembeni. Andika ICP Orchestra, na Misha Mengelberg. Andika Evan Parker, wa saksafoni, upate "The Topography of the Lungs" ya 1970, pamoja na Derek Bailey wa gitaa. Andika Brötzmann upate "Schwarzwaldfahrt" ya 1977, wawili hao wakiwa nje kwenye Msitu Mweusi wa Ujerumani, Bennink akipiga miti na maji. Andika Clusone 3, bendi yake na Michael Moore wa saksafoni na klaneti na Ernst Reijseger wa selo. Ukitaka bendi yenye jina lake, ipo "Parken" ya 2009, na Joachim Badenhorst wa klaneti na Simon Toldam wa piano. Katika bendi hiyo mara nyingi jukwaani alikuja na snea moja tu, na hakupungukiwa.

Hayo yote nimekuandikia mimi, si wao. Ukibonyeza orodha ya waliopiga kwenye "Machine Gun" linatokea jina moja, Brötzmann. Watu wanane waliingia chumba kile. Kwenye "Last Date" anatajwa Dolphy peke yake. Na majalada? Bennink alisomea sanaa ya michoro Amsterdam na majalada mengi ya ICP aliyachora mwenyewe. Hapa yamepunguzwa hadi ukubwa wa stempu na huwezi kuyakuza. Taarifa hizi hazihitaji utafiti. Zimechapwa nyuma ya kila santuri. Ni kuketi na kuzinakili.

Nilikuwa nimeweka nyota nne kwa ajili ya Rollins. Nimezishusha hadi mbili, na malipo ya mwezi ujao nimeyasitisha. "Last Date" nunueni ya diski au santuri, iliyotumika si kitu, mradi upande wa pili haujachubuka karibu na lebo ya karatasi ya katikati, kwa sababu maneno ya Dolphy yako kwenye mifereji ya mwisho kabisa na ndiyo inayoliwa kwanza na sindano iliyochakaa. Muuzaji akikataa kukuchezea mwisho wa upande huo, nenda kwa mwingine.