Sindano ya miezi mitatu: kazi inafanya, ila kama unataka mtoto karibuni isome hii kwanza

Mwenzenu nimechoma sindano ya uzazi wa mpango miaka 3, nilianza mwanangu wa kwanza akiwa na miezi 6, kila miezi mitatu naenda zahanati ya hapa jirani Mbagala nadungwa begani narudi nyumbani, na sijatoa hata mia maana serikalini ni bure. Kwa kuzuia mimba sina la kulalamika kabisa. Mwaka wa pili siku zangu zikakata, nikaambiwa ni kawaida, na kweli ni kawaida.

Sasa kuacha ndo kasheshe. Sindano ya mwisho nilichoma mwezi wa 11, mwezi wa 2 sikurudi, nikajua mwezi wa 3 nimeshanasa. Weee! Mwezi wa 5 kimya, wa 7 kimya, hata hedhi yenyewe haionekani, mama mkwe akaanza "mwanangu hayo madawa yamekuchoma kizazi", usiku nalia mume wangu hajui aseme nini, mwisho nikampa mama mmoja elfu sitini ya dawa ya kusafisha kizazi, nimekunywa wiki mbili nikaambulia kuharisha tu. Jamani hela zenu msizipeleke huko.

Aliyenitoa ni nesi wa chumba cha uzazi wa mpango kituo cha afya cha kata ya pili. Alinipima mkojo kwanza kuona kama sina mimba, akaniuliza sindano ya mwisho lini, akahesabu kwenye kalenda ukutani. "Mdogo wangu, kizazi chako kizima, dawa bado inaisha mwilini." Akanielewesha kwamba wengi wanabeba mimba kama miezi 10 tangu sindano ya mwisho, wengine inapita mwaka, tofauti na vidonge, kijiti au kitanzi ambavyo ukiacha au ukitolewa yai linaweza kuanza kutoka tena ndani ya wiki chache tu. Akanipa vidonge vya foliki, ile vitamini ya wanaotafuta mimba, akasema mwaka na nusu ukipita bila kitu nirudi na mume wangu naye apimwe mbegu, ila mwenye miaka 35 kwenda juu asingoje muda wote huo.

Kinachoniuma ni kwamba miaka 3 nachomwa hakuna aliyeniambia hivyo, kadi inaandikwa tarehe ya kurudi basi. Ningejua ningehamia kijiti mwaka mmoja kabla.

Hedhi ilirudi mwezi wa 10, mwezi wa 1 nikashika, sa hivi nina wiki 14.

Sindano nyota 3, kwa anayetaka kupumzika miaka kadhaa inafaa sana ila kama mtoto unamtaka mwakani muombe nesi njia nyingine. Kile kituo nyota 5, foleni ndefu kweli lakini unasikilizwa, wahi saa moja asubuhi na kadi yako ya zamani ubebe, ndo alikosomea tarehe yangu.