Baiskeli gani ununue: nilivyozipanga sita nilizonazo

Tangu mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yafanyike Kigali Septemba 2025, mara ya kwanza kuletwa Afrika, vijana wanaonisimamisha barabarani wameongezeka. Swali ni lilelile: "Kaka, shikamoo. Baiskeli ya mbio kama hiyo yako naipata wapi?" Nawaelewa kabisa. Mwaka 2024, Biniam Girmay wa Eritrea aliposhinda hatua tatu za Tour de France na kurudi na jezi ya kijani, nilitokwa na machozi mbele ya watu. Lakini kabla sijamjibu mtu, humuuliza kwanza anapita njia gani kila siku, na baiskeli ikiharibika ataipeleka kwa fundi yupi.

Mimi naishi Arusha. Nina baiskeli sita: nne za mtumba, moja ya urithi na moja niliyoinunua mpya dukani. Nimezipanga hapa kama ambavyo ningemshauri mdogo wangu anayenunua ya kwanza. Ningezipanga kwa mapenzi, orodha ingekuwa nyingine.

Ya kwanza: baiskeli ya milima ya mtumba, ringi 26, foko isiyo na shokapu. Yangu ni Trek ya miaka ya 1990, fremu ya chuma. Nilitoa 250,000, nikaongeza cheni, nyaya na mipira ya breki. Breki zake ni zile za mikono miwili mirefu inayobana ringi kutoka pembeni, ambazo kampuni ya vipuri ya Shimano iliziingiza sokoni mwaka 1996. Waya ukikatika, fundi yeyote mwenye koleo anakuwekea mwingine hapohapo. Cheni ya gia 7 na ya gia 8 ni moja, kwa hiyo hukwami kwa kukosa saizi. Tairi ya 26 utaikuta hata mnadani. Nikienda Oldonyo Sambu kwenye vumbi la majivu ya volkano, navaa tairi pana zenye meno. Nikienda Moshi, kilomita 80 za lami, nabadilisha naweka nyembamba laini. Ni kazi ya nusu saa, na nimepata baiskeli mbili kwa bei ya moja.

Kwa nini foko ngumu? Kwa sababu shokapu kuukuu ni mzigo tu. Mpira wa kuzuia mafuta ukishakauka, vumbi linaingia, bomba linachubuka, na kuanzia hapo unabeba chuma kizito kisichobonyea. Ukiikuta nzuri yenye shokapu, ishike usukani, bana breki ya mbele, isukume mbele na nyuma. Ikigonga kwenye viungo, iache.

Ya pili: Phoenix. Hii ni ya marehemu baba. Kama unabeba gunia, maziwa, majani ya ng'ombe au familia, usitafute nyingine. Karia yake inabeba uzito ambao ungevunja fremu ya aluminiamu, na vipuri vyake vipo hadi vijijini. Ubaya wake ni mmoja na lazima niuseme wazi: breki za fito kwenye ringi ya chuma, mvua ikinyesha, karibu hazishiki kabisa. Wakati wa masika siiteremshi mlima nikiwa nimekaa juu yake. Natembea naikokota.

Ya tatu: ringi 29 yenye breki za diski. Inapita juu ya mawe kama hayapo, na kwenye matope ya Aprili, ringi ikiwa imefunikwa tope tupu, diski bado inashika. Kama unakaa kwenye udongo unaonata, ipandishe iwe ya kwanza. Ila uliza jambo moja: diski hizo zinavutwa kwa waya au kwa mafuta? Za waya nunua. Za mafuta, nunua tu kama una fundi anayezijua. Za Shimano zinatumia mafuta ya madini, baadhi ya kampuni nyingine zinatumia maji ya breki kama ya gari, na vitu hivi viwili havichanganyiki. Zangu zilikuwa Shimano. Fundi mmoja, kwa nia njema kabisa, akamimina maji ya breki ya gari. Ndani ya wiki mipira yote ya ndani ilivimba, mikono ya breki ikaganda, nikanunua seti nzima upya. Siku hizi nimeandika kwa rangi nyeupe kwenye fremu: MAFUTA YA MADINI TU.

Ya nne: baiskeli ya mbio ya chuma. Hapa moyo wangu ndipo ulipo. Ni Raleigh kuukuu yenye kibandiko cha Reynolds 531 kwenye bomba la kiti, chuma chembamba ambacho Waingereza walikitumia miongo mingi kutengenezea baiskeli za mbio. Saa kumi na mbili alfajiri, barabara ya Usa River ikiwa bado na ubaridi na Meru imefunuka yote, hakuna kitu ninachokipenda duniani kama kuikanyaga. Haikurushi kwenye vibonde kama aluminiamu. Inanesa kidogo, kisha inakwenda.

Basi mbona ya nne? Kwa sababu ya tairi. Muuzaji aliniambia ringi ni 700, nami sikuangalia. Nilipofika nyumbani na tairi mpya ilikataa kuingia, nikavunja vyuma viwili vya kufungulia tairi kwa kulazimisha. Kumbe ilikuwa 27. Ukizisoma kwa jicho zinafanana, lakini ringi ya 700 ina kipenyo cha milimita 622 na ya 27 ni 630. Milimita nane hizo zilinifanya nikae miezi minne nikitafuta tairi. Kwa hiyo usisikilize mdomo wa muuzaji, soma ubavu wa tairi. Kuna namba ndogo, mfano 32-630 au 50-559. Ile ya mwisho ndiyo ukweli. 559 ni ringi 26 ya milima, 584 ni ile ya 27.5, 622 ni 700 na pia 29, na 635 ni ya Phoenix. Ziandike kwenye simu kabla ya kwenda sokoni.

Ya tano: ya kaboni. Nyepesi sana, unaibeba kwa vidole viwili. Kwa mashindano ni sawa. Kwa mtumba ni hatari, kwa sababu chuma kikianza kuchoka mara nyingi hutoa ufa unaouona, lakini kaboni iliyogongwa inaweza kuwa imeoza ndani na rangi juu inang'aa. Igonge polepole kwa sarafu bomba zima. Mlio ukibadilika kutoka mkavu kuwa butu mahali pamoja, rudisha. Na hata sarafu haimalizi mashaka.

Ya sita: mpya ya dukani, shokapu mbele na nyuma, bei ndogo. Usiinunue. Ndiyo baiskeli yangu ya kwanza, na nilidunduliza mwaka mzima. Miezi mitano tu, kiungo cha katikati kikalegea, shokapu ya nyuma ikawa springi tupu inayomeza nguvu zako kila unapokanyaga mlima. Pesa hizohizo zinakupa mtumba imara na chenji ya matengenezo.

Ukishachagua aina, saizi ndiyo inayofuata, na watu wengi wanairuka. Simama pekupeku ukutani, bana kitabu katikati ya miguu kikiwa kimegusa juu kabisa, pima kutoka mgongo wa kitabu hadi sakafuni. Zidisha kwa 0.883, hesabu aliyoieneza Greg LeMond, bingwa wa Tour de France mara tatu. Mwenye sentimita 80 anapata 70.6: huo ndio urefu kutoka katikati ya ekseli ya kati, ile inayoshika mikono ya pedeli, hadi juu ya kiti. Kama bomba linalobeba kiti, lile linaloingia ndani ya fremu, haliwezi kupandishwa hadi hapo bila kuvuka alama yake ya mwisho, fremu ni ndogo kwako. Na kama bomba limegandia ndani ya fremu halisogei kabisa, ondoka, hata bei ikishushwa nusu.

Ipindue baiskeli uangalie chini ya bomba kubwa, pale linapokutana na kichwa cha usukani. Rangi ikiwa imevimba au ina mstari mwembamba kama unywele, hiyo fremu iligonga kitu. Inua gurudumu, lizungushe, sikiliza gololi.

Mwisho toa rula yenye inchi. Weka sifuri katikati ya pini moja ya cheni. Kwenye cheni mpya, inchi 12 inaangukia katikati ya pini nyingine sawasawa. Pini ikiwa imepita kwa kama milimita moja na nusu, cheni imekwisha, punguza bei yake. Ikipita kwa milimita tatu, meno ya nyuma nayo yameliwa, na hesabu yako iwe ya cheni pamoja na kaseti, yaani meno hayo ya nyuma. Nimeshusha bei mara nyingi kwa rula hiyo tu, muuzaji akiwa ameinama pembeni yangu anaangalia pini kwa macho yake.